Kuboresha njia ya hewa na filta kwenye Subaru Impreza WRX: mwongozo kamili

Mtu akifungua boneti ya WRX akitaka kuongeza nguvu, kidole chake huenda kwanza kwenye ile skupu ya katikati. Anaamini ndiyo inayolisha injini. Hewa ya skupu hupita kwenye mapezi ya intakula, kile kifaa cha kupoza hewa iliyobanwa na tabo, huyapoza, kisha hushuka kuelekea giaboksi na kutokea chini ya gari. Haiingii silinda hata kidogo. Hewa inayovutwa na injini huanzia kwingine: kwenye mdomo bapa wa plastiki uliolala juu ya rejeta, nyuma kidogo ya grili. Ukianza kazi hii bila kulijua hilo, utatumia pesa mahali pasipo na tatizo.

Ninayoyaeleza hapa ni ya Impreza WRX na STI za kizazi kilichoanza mwaka 2000, zile tunazoziita GDA na GDB, zenye injini ya EJ20 ya sentimita za ujazo 1,994 na tabo moja, yaani feni inayozungushwa na moshi wa egzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ndizo nilizozishika zaidi, na ndizo zilizojaa Nairobi, Nakuru na Mombasa kuliko gari lingine lolote la aina hii. Mwenye Forester ya tabo ya SG5 atakuta mengi yanafanana.

Ifahamu njia yenyewe

Kutoka kwenye ule mdomo, hewa huingia sanduku la filta. Karibu na hapo kuna chumba cha plastiki kilichofichwa ndani ya fenda, kazi yake ni kupunguza kelele za uvutaji. Ikishapita filta, hewa hukutana na sensa ya MAF, ile inayopima uzito wa hewa inayoingia. Halafu kuna bomba la mpira, kisha bomba jingine lililojificha chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, likizunguka hadi mdomo wa tabo. Tabo huisukuma kwenye intakula, ikapita vali ya throto, ndipo ikaingia silinda.

Fikiria kiasi chake. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta kama lita 6,000 za hewa kila dakika, hapo tabo haijahesabiwa. Tabo ikisukuma ba 1 juu ya presha ya kawaida, unakaribia lita 170 hadi 200 kila sekunde. Hewa yote hiyo hupita kwenye filta moja unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja, na hapa kwetu hupita pamoja na vumbi la bonde la Kedong, la Kajiado, la kila barabara inayojengwa.

Kuna jambo lililonibadilisha mawazo kuhusu mabomba manene. Kuanzia mwaka 1995, magari ya mbio za dunia yalilazimishwa na kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, kupitisha hewa yote kwenye tundu la milimita 34 tu mbele ya tabo. Kwa tundu hilo, Impreza za timu ya Subaru zilitoa takriban nguvu-farasi 300, na zikashinda Safari Rally mwaka 1997 kwa mikono ya Colin McRae, na 2000 kwa Richard Burns. Angalia picha za magari hayo kwenye Safari: utaona bomba la kuvutia hewa limepandishwa pembeni mwa kioo cha mbele, ili injini ivute hewa ya juu, mbali na maji. Mafundi wale hawakuhangaika na bomba nene. Walihangaikia hewa inatoka wapi na ni safi kiasi gani. Nasi tufuate mpangilio huohuo: kwanza hewa iwe safi, pili iwe baridi, tatu ipimwe sawasawa. Upana wa njia unakuja mwisho.

Kabla ya kununua chochote

Andaa bisibisi ya nyota, soketi za 10 na 12, tochi, kalipa, grisi kidogo, vitambaa vyeupe vya pamba visivyotoa nyuzi, na kopo la dawa maalumu ya kusafishia sensa ya hewa. Tafuta pia kebo ya kusoma kompyuta ya gari. Impreza nyingi zilizoletwa moja kwa moja kutoka Japani haziongei vizuri na vile vifaa vidogo vya bluutuuthi vya bei rahisi, kwa sababu zinatumia itifaki ya Subaru yenyewe. Programu ya RomRaider, inayopatikana bure, inaielewa itifaki hiyo.

Washa gari, liache lipate moto kabisa, kisha soma masahihisho ya petroli ya muda mrefu. Hii ni asilimia ambayo kompyuta imejifunza kuongeza au kupunguza petroli ili mchanganyiko ubaki kwenye sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli gari likienda taratibu. Ikiwa ndani ya asilimia 5 juu au chini, gari lako lina afya. Ikipita 10, kuna tatizo tayari: pengine bomba limepasuka, sensa ni chafu, au pampu imechoka. Usifunge kifaa kipya juu ya tatizo la zamani, maana hutajua tena kosa ni la nani. Andika namba zako kwenye karatasi na uziweke.

Kisha kagua mabomba. Lile lililo chini ya manifoldi ni ugonjwa unaojulikana wa injini hizi. Joto la miaka 20 hulifanya gumu kama kigae, likapasuka kwenye maungio ya mipira midogo inayorudisha mvuke wa injini na hewa ya vali ya tabo. Mulika kwa tochi, ingiza kidole, libonyeze. Ukisikia linalia kama plastiki kavu, weka akiba yake kabla ya akiba ya filta. Ufa hapo unaingiza hewa ambayo haikupita kwenye sensa, tena iko baada ya filta, kwa hiyo vumbi nalo linapita bila kizuizi.

Hatua ya kwanza: filta bapa ndani ya sanduku la kiwandani

Kwa gari la kila siku lenye tabo ya kiwandani, hapa ndipo ningeanzia, na wengi wangepaswa kuishia hapa. Sanduku la Subaru limebuniwa vizuri. Limejifunga, linavuta hewa ya mbele, na bomba lenye sensa halibadiliki.

Filta ziko za namna tatu. Ya karatasi huchuja vizuri sana, ni rahisi, na ikichafuka unaitupa. Ya pamba yenye oili, kama za K&N, hupitisha hewa kwa wepesi na huoshwa, ila inategemea sana mikono ya anayeipaka oili. Ya nyuzi kavu za sintetiki, kama AEM Dryflow, huoshwa na haihitaji oili. Kwa mtu anayeishi Nairobi na wikendi anashuka Naivasha, ninapendekeza karatasi halisi ya kiwandani au ile ya nyuzi kavu. Ya pamba nzuri ipo, nami nimewahi kuitumia. Lakini vumbi letu linataka usafi wa mara kwa mara, na kila usafi ni nafasi ya kukosea oili.

Ukiwa dukani Kirinyaga Road au Kariakoo, usiangalie boksi, angalia filta yenyewe. Bonyeza ukingo wa mpira unaoizunguka: uwe laini, uwe na unene uleule pande zote, urudi haraka ukiuachia. Hesabu mikunjo ya karatasi ukilinganisha na ile ya zamani. Ya bandia mara nyingi ina mikunjo michache iliyoachana. Inyanyue kwenye mwanga. Ukiona vitundu vinavyopitisha nuru kama nyota, irudishe.

Sasa kuifunga. Zima gari, acha lipoe. Chomoa soketi ya sensa ya MAF kwa kubonyeza ulimi wake, usivute nyaya. Legeza klampu ya bomba la mpira linalotoka kwenye sanduku. Fungua zile klipu mbili za chuma zinazobana nusu mbili za sanduku, kisha vuta nusu ya nyuma polepole kuelekea injini. Filta imesimama wima humo. Kabla ya kuitoa, angalia ilivyokaa.

Ukishaitoa, funika kinywa cha bomba kwa kitambaa safi. Futa sehemu ya mbele ya sanduku, ile ya kabla ya filta: utakuta majani, mbawa za wadudu, pengine mchanga. Halafu chukua kitambaa cheupe, kizungushe kwenye kidole, upitishe ndani ya nusu ya nyuma, ile ya baada ya filta. Hapo panatakiwa pawe safi kabisa. Kitambaa kikitoka na rangi ya chai, filta yako ya zamani ilikuwa inapitisha vumbi au haikukaa vizuri. Tafuta mahali kwa kuangalia mistari: vumbi linalopita pembeni huacha alama nyembamba kama mkia kwenye plastiki, kuanzia palepale ukingo usipobana.

Kuna kosa moja linalojirudia wakati wa kufunga. Chini ya nusu ya nyuma kuna vidole vya plastiki vinavyoingia kwenye vishimo vya nusu ya mbele. Huvioni ukiwa umesimama. Watu hubana klipu za juu, wakaona sanduku limefungwa, kumbe chini pameachana milimita 3. Ingiza vidole vya plastiki kwanza, pitisha mkono chini uvipapase kimoja kimoja, ndipo ubane klipu. Klipu zikidai nguvu nyingi, chini hapajakaa. Fungua uanze upya.

Na jambo moja ninaloliomba kwa dhati: usikubali filta ya karatasi ipulizwe kwa kompresa kwenye kituo cha mafuta. Hewa ile yenye presha kubwa hufungua vinyweleo vya karatasi, na baada ya hapo filta inaonekana safi lakini haichuji. Karatasi iliyochafuka ni ya kutupa.

Ya pamba ina utaratibu wake. Ipake dawa yake, iache kama dakika 10 bila kukauka, isuuze kwa maji yasiyo na presha kutoka upande safi kwenda upande mchafu, kisha iache ikauke kivulini. Usitumie petroli, wala usiiharakishe kwa joto. Paka oili mstari mwembamba juu ya kila mkunjo na usubiri ienee kwa dakika 20. Ikidondosha, umezidisha.

Hatua ya pili: sensa ya MAF, ukiwa hapo hapo

Ndani ya sensa kuna waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa inaupoza; kompyuta inapima ni umeme kiasi gani unahitajika kuurudisha kwenye joto lake, na kutokana na hapo inajua uzito wa hewa. Waya ukivaa oili na vumbi, haupoi vizuri, sensa inasema hewa ni kidogo, na petroli inayotolewa inapungua.

Fungua skrubu mbili za nyota, itoe ikiwa imenyooka. Pulizia dawa maalumu mara 10 hivi kwenye waya na kwenye kishanga kidogo kinachopima joto la hewa. Usiguse kwa kitambaa, pamba wala kidole. Usitumie dawa ya breki au ya kabureta. Iache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha, na ukifunga, kaza kwa nguvu ya kiganja tu, kwa sababu plastiki ile ni ya zamani.

Hatua ya tatu: hewa baridi

Joto la hewa likipanda nyuzi 10, uzito wake katika ujazo uleule unapungua kwa karibu asilimia 3. Ndiyo maana filta iliyo wazi ndani ya injini yenye tabo huwa ni hasara iliyofungashwa vizuri: inalia kwa utamu, lakini inavuta hewa iliyopashwa na rejeta na tabo.

Anza kwa kukagua ule mdomo wa juu ya rejeta. Nimeona magari mengi ambayo yaligongwa mbele huko yalikotoka au hapa nyumbani, yakatengenezwa, na mdomo haukurudishwa. Sanduku linabaki limeachama ndani ya joto. Tafuta mdomo wa mtumba, ni kifaa cha bei ndogo, na ufunge bolti zake zote. Angalia pia ule mpira unaoziba nafasi kati ya mdomo na boneti. Ukiwa umechakaa, hewa moto ya rejeta inarudi na kuingia humohumo. Ubandike sponji ngumu inayostahimili joto kwenye mstari uleule.

Wengi hutoa kile chumba cha ndani ya fenda wakidhani wanafungua njia. Unachopata kwa kiasi kikubwa ni mlio. Ukikitoa, sanduku linavuta pia hewa ya ndani ya fenda, ambako tairi linarusha vumbi na maji, na kinga ya plastiki ya magari mengi ya huku imevunjika au haipo. Kama kinga yako ni nzima na gari ni la lami tu, kitoe ukipenda sauti. La sivyo, kiache.

Mabomba marefu yanayoshusha filta hadi ndani ya fenda, karibu na ardhi, siyashauri kabisa kwa miji yetu. Mvua za Aprili zikijaza barabara za South C ya Nairobi au Jangwani ya Dar es Salaam, filta hiyo itazama kabla maji hayajafika mlangoni. Maji hayabanwi. Pistoni ikikutana nayo, kinachopinda ni fimbo yake, na hapo unanunua injini.

Hatua ya nne: pima, usikisie

Hapa pana kipimo kinachogharimu bei ya soda mbili. Nunua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye urefu wa kutosha kutoka kwenye sanduku hadi dirishani. Ufunge kwenye ubao kwa umbo la herufi U, kila mguu uwe na urefu wa mita 1, utie maji yenye rangi hadi katikati. Toa kifuniko cha sanduku nje ya gari, toboa tundu la milimita 5 upande wa baada ya filta lakini kabla ya sensa, safisha mabaki yote ya plastiki, weka raba ya kuzibia, na uchomeke ncha moja ya mpira. Ncha nyingine ibaki wazi kwenye hewa. Pitisha ubao kwenye dirisha la abiria, mwenzio aushike, nanyi mtafute barabara iliyo wazi. Kanyaga mafuta yote kwenye gia ya tatu hadi mizunguko 6,000, na yeye asome tofauti ya kimo cha maji.

Kila sentimita 10 za tofauti ni takriban kilopaskali 1, yaani asilimia 1 ya presha ya hewa pale Mombasa. Nairobi, kwenye mita 1,795, hewa ina presha ya karibu asilimia 80 ya ile ya pwani, kwa hiyo tabo tayari inafanya kazi zaidi na kila kizuizi kinauma kidogo zaidi. Pima na filta chafu, pima na mpya, kisha pima kwa sekunde chache bila filta kabisa, barabara ikiwa ya lami na haina vumbi. Tofauti kati ya filta mpya na hakuna filta ndiyo faida yote ambayo filta yoyote duniani inaweza kukupa kwenye sanduku hilo. Ikiwa ni sentimita chache, umeshajua: pesa yako iende kwingine. Ukimaliza, ziba tundu kwa kizibo cha raba na utie silikoni.

Hatua ya tano: bomba la kuingia tabo

Kama lile la plastiki limepasuka, kulibadilisha kwa la silikoni ni uboreshaji halisi, si pambo. La silikoni halijikunji likivutwa, na halikauki. Ila kazi ni ngumu. Njia ya uhakika ni kulegeza manifoldi na kuinyanyua, jambo linalodai gasketi mpya za manifoldi na siku nzima. Wapo wanaolivuta kwa nguvu kutoka pembeni. Wengi wao hurarua mipira midogo ya mvuke na hawajui. Pakaza sabuni ya maji ndani ya mdomo ili liteleze kwenye tabo, usipake grisi. Kabla ya kufunga, ingiza tochi na uangalie mapanga ya tabo: ncha ziwe kali. Zikiwa zimelika na kufifia kama mwezi mchanga, vumbi limekuwa likipita kwa miaka.

Nunua klampu mpya kwa kila maungio, zile za mkanda uliofunika meno. Za meno wazi hukata silikoni.

Hatua ya sita: filta ya koni na bomba jipya, kwa masharti

Sasa tufike kwenye kile ambacho wengi walikuja kukitafuta: filta ya wazi yenye umbo la koni, isiyo na sanduku. Sensa ya MAF haipimi hewa yote, inapima kasi ya hewa mahali ilipochomekwa. Kompyuta inajua upana wa bomba la kiwandani na inapiga hesabu kutokana nao. Chukua mfano: bomba la milimita 65 ukilibadilisha kwa la 73. Gawanya 73 kwa 65, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 1.26. Kwa kasi ileile inayosomwa na sensa, hewa inayopita ni asilimia 26 zaidi ya ile kompyuta inayodhani. Ukienda polepole, sensa ya oksijeni iliyo kwenye egzosi inarekebisha sehemu yake. Ukikanyaga mafuta yote, kompyuta inaacha kuisikiliza sensa hiyo na kufuata jedwali lake. Hapo injini inayotaka takriban sehemu 11 za hewa kwa 1 ya petroli inapewa petroli pungufu ikiwa chini ya presha kubwa. Inapiga noki, yaani petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Pistoni za EJ20 huvunjika kwenye kingo za ringi, na kelele za filta mpya zinafunika ule mlio wa onyo.

Ongeza na hili: magari ya soko la Japani yalipangwa kwa petroli bora ya kule, ambayo JIS, kiwango cha ubora cha Japani, kinaitaka iwe na oktani, kipimo cha kustahimili noki, isiyopungua 96. Super ya kawaida ya huku iko chini ya hapo. Nafasi ya kukosea ni ndogo tangu mwanzo.

Haya nayasema kwa uchungu. Gereji moja ilinifungia koni na bomba pana, ikanihakikishia kompyuta itajizoesha. Wiki ya pili taa ya injini ikawaka na msimbo P0171, hewa nyingi petroli kidogo. Nilipofungua kuangalia, kitambaa cheupe kilitoka cha kahawia: ile koni, baada ya safari moja ya Mai Mahiu kwenye njia ya mchepuko, ilikuwa imepitisha vumbi hadi kwenye sensa. Nilirudisha sanduku la kiwandani jioni hiyohiyo.

Kwa hiyo masharti yangu ni haya. Uwe umebadilisha tabo au unapanga kwenda mbali zaidi ya nguvu za kiwandani. Pima kipenyo cha ndani cha bomba jipya kwa kalipa mahali sensa inapokaa, usiamini maandishi ya boksi. Sensa ielekee vilevile ilivyokuwa, na mbele yake pawe na kipande kilichonyooka, kisiwe kona. Koni ijengewe kizuizi cha joto kinachogusa boneti kwa mpira na kupokea hewa kutoka ule mdomo wa mbele. Na gari litoke gereji kwenda moja kwa moja kwa fundi wa kutyuni, likiendeshwa bila tabo kusukuma, ili jedwali la MAF liandikwe upya akiwa na sensa pana ya mchanganyiko kwenye egzosi. Kama bajeti ya kutyuni haipo, bajeti ya koni nayo haipo.

Baada ya kufunga

Toa waya hasi wa betri kwa nusu saa ili kompyuta isahau iliyojifunza, urudishe, na uache gari lingurume bila kukanyaga mafuta kwa dakika 10. Sikiliza mluzi wowote kwenye maungio. Endesha kawaida siku tatu nne, kisha soma tena masahihisho ya petroli na uyalinganishe na karatasi yako. Yakisogea zaidi ya asilimia 5 kutoka yalipokuwa, tafuta hewa inayoingia pembeni kabla ya kulaumu sensa. P0102 kwa kawaida ni soketi ya MAF haikubana. P0113 ni waya wa joto la hewa.

Soma pia ile thamani ya IAM, inayoonyesha kompyuta inaamini petroli na injini kiasi gani. Kwenye nyingi za kompyuta za mwanzo za kizazi hiki inatakiwa isome 16, na kwenye za baadaye 1. Ikishuka, kompyuta imesikia noki. Punguza mguu hadi ujue sababu.

Mwisho, paka grisi utando mwembamba sana, unaong'aa tu, ndani ya nusu ya nyuma ya sanduku, upande wa chini, mbali na sensa. Iwe nyembamba kiasi kwamba ukigeuza sanduku haisogei. Endesha kilomita 1,000 zako za kawaida, lami na vumbi. Fungua, upitishe kidole juu yake, ukisugue kwa dole gumba. Kama ni laini kama siku uliyoipaka, filta imekaa. Kama inakwaruza, hata kidogo, hiyo ni mchanga ambao nusu yake nyingine imeshafika kwenye ringi. Rudi kwenye vile vidole vya plastiki vya chini uvipapase upya. Ifute yote, paka tena, na rudia kila unapofika kilomita 5,000, au mapema zaidi ukirudi kutoka Kedong.